‘Mjomba, Mpira Una Kwikwi’

Jumamosi moja ya Desemba mwaka 2023 niliteremka kwenye matatu pale Fort Ternan nikiwa nimebeba mkate, kilo mbili za sukari na kiburi kidogo. Mkate na sukari vilikuwa vya dada yangu. Kiburi kilikuwa changu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naenda kuona biashara ambayo mimi, mtu wa Nairobi, ndimi niliyeishauri kwa simu.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zake hazikumfikisha alikotaka. Badala ya kuzurura sokoni, aliomba afungue chumba cha michezo ya video, yale maduka ya gemu ambayo siku hizi huwezi kuyakosa katika miji yetu midogo: viti vya plastiki, televisheni ukutani, na vijana wawili wawili wakisakata kandanda kwa vidole huku wenzao wakingoja zamu. Mechi moja, shilingi 20. Dada yangu ana mashina ya majani chai huko juu upande wa Kericho, na bonasi ya Oktoba ilikuwa imeingia. Akanipigia simu.

“Ndugu yangu, wewe ndiwe mjomba wake. Tumnunulie nini?”

Kwetu Wakipsigis mjomba huitwa “mama”, na neno lake lina uzito. Mimi nililitumia vibaya. Nilijibu bila kupepesa macho: “Nunueni televisheni ya inchi 55, ya 4K. Yule mzee mwenye duka la zamani ana kijitelevisheni tu. Mtamfagia!” Fedha zilizobaki, pamoja na kidogo nilichoongeza, zikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika.

Basi siku hiyo nilitarajia kukuta foleni. Nilikuta viti vinane vitupu, na mpwa wangu ameketi kizingitini ameshika tama.

“Karibu, mjomba.”

“Asante. Wateja wako wapi?”

“Wako kule kwa mzee. Mjomba, mpira una kwikwi.”

Akawasha mashine nijionee. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Ungedhani unaweza kuhesabu nyasi za uwanja. Lakini mchezaji alipokimbia alikuwa kama mtu anayevuka matope: hatua mbili, anaganda, kisha anachomoza mbele ghafla. Ukibonyeza kitufe cha kupiga shuti, mguu unajibu mpira ukiwa umeshaondoka. Watoto walikuwa wamelipa, wakafungwa mabao ya kipuuzi, wakadai shilingi zao na kwenda zao.

Kisha nikaambiwa lililonikata maini. Mpwa wangu ana mtamba aliyepewa na babu yake. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu asubuhi kumchukua, na fedha hizo zingenunua kadi mpya ya michoro, kile kipande ndani ya kompyuta ambacho kazi yake ni kuchora picha. Dada yangu alikuwa kando anachambua mboga, hasemi neno. Kimya chake kilinichoma kuliko matusi.

Mpenzi msomaji, huenda nawe una kijana nyumbani anayelalamika kwamba mashine yake inakwamakwama, nawe unadhani ni kisingizio cha kuomba fedha. Hebu nikueleze tuliyojifunza usiku ule, mimi na mpwa wangu, chai ikipoa mezani.

Picha inayotembea si kitu kimoja. Ni picha nyingi zilizotulia zinazopita mbele ya macho kwa haraka, na kila moja huitwa fremu. Filamu za sinema, tangu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, aghalabu hutumia fremu 24 kwa sekunde. Nilipokuwa mtoto, tulijazana kwa jirani mbele ya Great Wall iliyoendeshwa kwa betri ya gari, tukaletewa fremu 25 kwa sekunde, na hakuna aliyenung’unika. Lakini mtazamaji wa sinema amekaa tu. Mchezaji wa gemu hutoa amri kwa kidole na kungoja jibu, na hapo jicho na mkono huwa wakali. Ndiyo maana wengi hupenda fremu 60 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kompyuta hupewa milisekunde 16.7 pekee kuchora picha nzima, kisha ianze nyingine.

Sasa tufanye hesabu. Skrini ya HD kamili ina vitone, yaani pikseli, 1,920 kwa mapana na 1,080 kwa kimo. Ukizidisha unapata 2,073,600. Skrini ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani pikseli 8,294,400. Hiyo ni mara nne kamili! Nilikuwa nimeitwika kompyuta ya watu mzigo mara nne, kisha nikaitaka ikimbie mbio zile zile.

Nilimkumbuka marehemu babu yangu aliyefanya kazi ya reli. Reli hii iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901 hupanda kutoka mashamba ya miwa ya Muhoroni, ikapita Koru na hapa Fort Ternan, ikazidi kukwea kuelekea Kipkelion na Londiani. Babu alikuwa akisema kwamba gari moshi likilemewa, hakuna anayelaumu mlima, mabehewa hupunguzwa.

Lakini kabla ya kupunguza behewa lolote, tulikagua njia yenyewe. Tulitazama maelezo ya televisheni tukaona inapokea picha 30 tu kwa sekunde. Kumbe mpwa wangu alikuwa amechomeka waya wa HDMI kwenye tundu la kiwango cha zamani. Kiwango cha 1.4, kilichotoka mwaka 2009, hakipitishi picha za 4K zaidi ya 30 kwa sekunde. Ni kile cha 2.0, cha mwaka 2013, kilichofikisha 60. Televisheni ilikuwa na matundu ya aina zote mbili. Tulihamisha waya tu, na mlango ukapanuka. Gharama yake ilikuwa sifuri.

La pili lilituchekesha. Dada yangu, kwa usafi wake, alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika viti vya sebuleni. Kilipendeza, ila kiliziba matundu ya hewa. Tuliizima, tukachomoa umeme, tukafungua ubavu wake. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la kutosha kuotesha sukuma wiki. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tukaipangusa taratibu kwa brashi ndogo kavu. Tulipoiwasha tena, kihesabio cha fremu kwenye pembe ya skrini kilipanda kidogo, lakini bado kilicheza kati ya 26 na 40.

Hapo ikafika zamu ya kiburi changu. Mpwa wangu alinitazama, nami nikamwambia, “Shusha pikseli, mwanangu.” Akaweka 1,920 kwa 1,080. Kihesabio kikaruka kikapita 60. Mchezaji alikimbia kama maji yanayoteremka mtaroni. Nikarudi nyuma hadi kwenye viti vya wateja, yapata mita tatu, nikatafuta uzuri uliopotea. Nyasi zilikuwa zimefifia kidogo. Basi! Nilikuwa nimemgharimu dada yangu fedha nyingi kwa ajili ya nyasi ambazo mteja haoni kutoka kwenye kiti chake.

Kijana hakutosheka. Akajaribu kiwango cha katikati, 2,560 kwa 1,440, chenye pikseli 3,686,400, akaiacha mashine ikuze picha ijaze skrini. Ili kulipia ongezeko hilo alipunguza madoido: vivuli vya wachezaji na umati wa mashabiki jukwaani. Fremu zikashikilia juu ya 60.

Zipo pia programu zinazofanya kazi hiyo kwa werevu zaidi. Kampuni ya Nvidia ilileta DLSS mwaka 2018, na AMD ikaleta FSR mwaka 2021. Kompyuta huchora picha ndogo, kisha programu hukadiria vitone vilivyokosekana hadi picha ifanane na ile kubwa. Mwaka 1961 kikosi cha Louis Leakey kilichimbua hapa hapa Fort Ternan, katika shamba la Fred Wicker, vipande vya taya la mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, anayeitwa Kenyapithecus wickeri. Kutokana na vipande hivyo na ujuzi wa mifupa mingine, wataalamu hukadiria taya zima. Programu hizo nazo hufanya hivyo, ila hurudia kazi mara 60 kwa sekunde. Lakini si kila mchezo wala kila kadi inayozikubali, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Jambo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Mpwa wangu alipoona fremu zinafika 75 alishangilia, kisha zikashuka 61, zikapanda 72, na picha ikatetemeka kidogo. Tukaiamuru mashine isizidi 60 kamwe. Ghafla mwendo ukawa laini kama siagi. Jicho halipendi mbio zinazobadilika-badilika. Hupenda mapigo yaliyo sawa. Mpiga ngoma anayeshika mdundo mmoja wa wastani huchezesha watu vizuri kuliko anayekimbia, anapumzika, anakimbia tena. Vilevile wastani wa fremu unaweza kukudanganya: mashine ikichora picha nyingi upesi kisha moja ikachelewa milisekunde 50, hesabu ya sekunde hiyo itapendeza, lakini jicho litaona kwikwi.

Tukamalizia kwa kuiweka televisheni katika hali ya michezo, ambayo huiondolea kazi ya kuremba picha kabla ya kuionyesha, na hivyo kidole na mguu vikapatana. Ilikuwa saa saba usiku.

Asubuhi nilimwendea dada yangu jikoni. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba kosa halikuwa la kijana wala la kompyuta, lilikuwa langu. Nilinunua sifa kwa bonasi yake. Alikoroga uji kwa muda, kisha akasema, “Ungeniambia ninunue kitu cha wastani ningekusikiliza vilevile. Wewe ni mjomba.” Maneno hayo ninayo hadi leo. Nikampigia simu mnunuzi wa ng’ombe nikamwambia asije. Jioni ile vijana wanne walipita, wakachungulia, wakaketi. Kufikia saa mbili usiku viti havikutosha.

Mzazi mwenzangu, kijana wako akikujia na kilio cha kwikwi, usikimbilie mkoba wala usimfokee. Kaeni pamoja. Angalieni waya umeingia tundu gani. Ondoeni vumbi, na kitambaa pia. Shusheni pikseli hadi mashine ipumue, punguzeni vivuli, kisha ifungeni kwenye kasi inayoweza kuishikilia bila kuhema, hata kama ni 30 na si 60. Baada ya hayo yote, ikiwa bado inakwama, ndipo mzungumzie kadi mpya. Na kama hamjanunua skrini bado, ulizeni kwanza mtakaa umbali gani, na mashine yenu ina nguvu kiasi gani. Skrini yenye pikseli nyingi haiongezi nguvu ya kompyuta, huidai tu.

Duka la mpwa wangu lingali lipo. Ameongeza skrini ya pili, ndogo, ya HD ya kawaida, aliyoinunua kwa fedha zake bila kuniuliza. Mtamba alizaa mwaka uliofuata. Kila nikienda nyumbani dada yangu hunimiminia maziwa yake kwenye kikombe, hunitazama, na hutabasamu bila kusema neno.

Mtu hujikuna ajipatapo. Mimi nilitaka kujikuna mgongo kwa mkono wa dada yangu.