Mbolea ya Mahindi Yetu

Hapa Makongolosi wengi huisifu ardhi kwa dhahabu yake. Sisi twataka itupe mahindi. Mbegu yetu ni ya kienyeji, tuliyoirithi kwa bibi zetu. Mwaka mmoja tuliitia mbolea ya chumvichumvi peke yake, tena kwa pupa. Mabua yakarefuka mno, upepo wa Machi ukayalaza. Katika eka ile tulipata magunia 3, na watoto 6 nyumbani. Kosa lilikuwa letu.

Mwaka uliofuata tulijaribu mbolea ya chengachenga, samadi iliyochanganywa na madini, itengenezwayo siku hizi hata Nala, Dodoma. Tulitia kidogo shimoni, tukaifunika udongo kabla ya mbegu, isije ikaiunguza. Fosfati huisaidia mizizi, naitrojeni huyakoleza majani. Nayo samadi hushika unyevu, jambo kubwa katika shamba la mchanga kama letu. Mvua ilipokatika siku 12, majani yetu yalikawia kujikunja. Tukavuna magunia 7.

Bei yake yatulemea, hatufichi. Kwa hiyo mabua hatuyachomi tena, twayaozesha pamoja na mavi ya mbuzi ili tununue kidogo. Mama watoto amekwisha kutundika mahindi ya mbegu juu ya meko.