Dumu la mafuta na bahari ya Nungwi

Dada yangu alinipa masharti mawili kabla sijaondoka na mwanawe kwenda likizo ya Juni: daftari la hesabu lisipotee, na mtoto asiguse bahari. Sharti la kwanza nilishindwa siku ileile, daftari lilibaki kwenye boti. La pili lilidumu siku tatu.

Mtoto ana miaka saba na mimi ni mama yake mdogo. Shangazi yake, dada wa baba, anaishi Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Kutoka mjini unapanda daladala namba 116, karibu kilomita 60, umebanwa kati ya ndoo ya samaki na mtu aliyelala begani kwako. Mtoto aliona bahari kupitia dirishani akanishika mkono. Si kwa furaha. Amelelewa akiambiwa maji yanaua.

Na kwake nusura yaue. Akiwa na mwaka mmoja na nusu, dada alikwenda kuanua nguo, aliporudi alimkuta kichwa kiko ndani ya ndoo ya kufulia. Hakukuwa na kelele yoyote. Hilo ndilo ninalolirudia kila ninapoandika habari za afya za aina hii: mtoto anayezama hapigi mayowe kama kwenye filamu, anakwenda kimya. Jirani alimvuta, akakohoa, akalia, akapona. Tangu hapo nyumbani kwa dada ndoo haikai na maji, na neno kuogelea halitajwi.

Nungwi hali ni nyingine kabisa. Pale watoto wanapita katikati ya majahazi yanayoundwa ufukweni kama wa kwetu wanavyopita uani. Mafundi wanakalafati mbao kwa pamba, nyundo zinagonga toka asubuhi, na bahari iko hatua chache tu. Mwezi Juni upepo wa kusi unavuma na upande wa mashariki wa kisiwa unachafuka, lakini upande wa magharibi wa Nungwi maji yanatulia. Pia hayapwi kwenda mbali kama Paje au Jambiani, ambako maji yakipwa unaweza kutembea mwendo mrefu bila kulowa magoti.

Siku ya tatu shangazi alichukua dumu tupu la mafuta ya kupikia, la lita tano, akakaza kifuniko, akampa mtoto. Nikamwambia, "Wifi, mama yake amekataa." Akanijibu bila kuacha kufunga mtandio, "Mama yake yuko Dar. Bahari iko hapa mlangoni. Siku ukisinzia, nani atamwambia bahari kuwa mama amekataa?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia dada. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama maji yanafika kifuani. Nikamwambia kiunoni. Akakata simu bila kusema ndiyo wala hapana, nami nikaichukulia kuwa ndiyo. Sisemi nilifanya vizuri.

Walikuwa watoto tisa, wa kike wamevaa suruali ndefu na mitandio iliyofungwa vizuri. Nungwi wasichana wamekuwa wakifundishwa kuogelea kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na hakuna aliyelazimika kuvua mavazi yake ya stara. Mwalimu, kijana wa palepale, aliweka mpaka: asivuke mtu ngalawa iliyotia nanga. Kisha aliwahesabu. Aliendelea kuwahesabu kila baada ya dakika chache, kwa sauti, hata akiwa anaongea na mimi.

Nilidhani somo la kwanza ni kupiga mikono. Lilikuwa kupuliza. Tia mdomo majini, puliza mapovu, inua uso, vuta pumzi. Mwanetu alikataa. Siku hiyo alisimama tu, maji kiunoni, amekumbatia dumu kama mto wa kulalia. Hakuna aliyemsukuma. Kesho yake alipuliza mara moja, akatoka mbio. Siku ya nne ya mafunzo alilala chali, dumu kifuani, masikio ndani ya maji, mkono wa mwalimu chini ya mgongo. "Tazama mbingu. Tumbo juu. Ukikunja kiuno unazama." Kisha mkono ukaondoka bila yeye kujua.

Somo nililolipenda zaidi lilifanyika nchi kavu. Mwenzako akizama, usimfuate, kwa sababu mnaweza kufa wawili. Ita mtu mzima, rusha dumu, nyoosha fimbo au kanga ukiwa umelala chini. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Umri huo kinachowaokoa zaidi ni uangalizi na vizuizi: kisima kifunikwe, ndoo imwagwe, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumgusa. Ujuzi wa kuogelea na kuokoa, WHO inashauri ufundishwe wenye umri wa kwenda shule. Na akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kama nilivyowahi kuona kwa macho yangu. Mlaze chali, anza kumpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua, huku mwingine akiita msaada.

Sisi Watanzania tunaijua MV Bukoba ya 1996, Spice Islander ya 2011, MV Nyerere ya 2018. Ndoo ya kufulia haipewi jina wala siku ya kumbukumbu.

Jioni ya mwisho nilimtumia dada video. Sekunde kumi na mbili, mtoto anaelea, dumu liko pembeni, halijashikwa. Aliitazama, akairudia, najua kwa sababu nilikuwa nasikia sauti ya mwalimu kwenye simu yake. Mara ya tatu akauliza, "Na wewe je, umejifunza?"

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nilimwambia nilikuwa nashika simu.

Mtoto alisikia. Akaenda uani, akarudi na dumu, akakaza kifuniko, akanipa. "Mamdogo, unaanza na kupuliza."