Mnada wa Baada ya Ibada

Mtu aliyelelewa kanisani hapa Guta, kandokando ya Ghuba ya Speke, anajua kwamba baraka za mchungaji hazikuwa mwisho wa Jumapili. Baada ya amina tulitoka kwa mstari tukiimba, tukapeana mikono kwa kuzunguka mpaka wa mwisho akawa amemsalimu wa kwanza, ndipo mzee wa kanisa aliposimama chini ya mwembe na kumwinua kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, huku mayai, mtama, michembe, dagaa kwa kisado na furu waliokaushwa vikisubiri zamu yao juu ya gunia, na harufu ya ziwa na ya samaki ikitukumbusha kwamba hatujala tangu asubuhi.

Sadaka ya asiye na fedha iligeuka fedha pale. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, amepata! Lakini aliyempata hakuondoka naye. Alimrudisha, au alimtaja wa kupewa: mjane fulani, mgonjwa aliyerudi kutoka Shirati, mwalimu mgeni asiye na shamba. Wengine wakimrudisha, kuku mmoja aliweza kuuzwa mara nne mchana mmoja, na jioni akalala kwenye nyumba ambayo haikuwa na uwezo wa kutaja hata bei ya kuanzia.

Sisi tulikuwa Wamennonite, kama wengi katika mkoa huu. Wamisionari wetu walifika Shirati mwaka 1934, zikafuatia Bukiroba na Mugango, na injili yao ilikuja pamoja na darasa na dawa. Askofu wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, aliwekwa wakfu mwaka 1967. Miaka michache baadaye serikali ilichukua shule za makanisa, na ilikuwa haki, kwani mtoto hakupaswa kusoma kwa kuangaliwa dhehebu la baba yake. Hospitali ya Shirati ilibaki, lakini Shirati ni mbali. Kanisa dogo la kijijini kama letu halikuwa na shule wala zahanati. Lilikuwa na mnada.

Ulifanya kazi kweli mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye umri wangu wanakumbuka ule unga wa njano tuliouita Yanga, foleni za sukari kwenye duka la kijiji, na kanga iliyofuliwa usiku ili ivaliwe asubuhi. Kipande cha sabuni kikiletwa sadakani, kelele za mnada zilisikika hadi mwaloni. Nilimwona mtu akikinunua kwa bei ya kuku wawili, akakikata kwa uzi na kuwagawia akina mama waliotoka kujifungua.

Siku hizi kuna bahasha.

Kuna pia namba ya simu, imebandikwa ukutani karibu na kinanda, na muamala ukiingia mhasibu anatikisa kichwa kwa furaha. Kamati ya huduma za jamii ina daftari, mihuri, na orodha ya kaya. Mjane anapata pia ruzuku ya TASAF, mtoto wake anasoma bila ada, na akina mama wana VICOBA inayokopesha bila kumwomba mwanamume ruhusa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya kuacha mnada, na sababu zake bado naziona nzito. Mnada ulikuwa na fedheha zake. Wenye pamba walipandishiana bei ili waonekane. Wengine walinunua kwa ahadi ya kulipa msimu ukifika, na msimu ulifika ukapita. Wanawake walileta karibu kila kitu na hawakutaja bei hata moja. Na mjane yule alilazimika kusimama mbele ya kijiji kizima apigiwe makofi kwa sababu ni maskini. Leo hakuna anayejua amepewa nini.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua pia kama ameumwa.

Nimekuwa nikisoma habari za Wamethodisti, ambao Tanzania waliingia kwa kuchelewa, kupitia Katanga, wakati sisi tumeshazeeka. Mwaka 1742, kule Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, mwanzilishi wao, walikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kukusanya. Kiongozi akipita nyumba kwa nyumba kufuata peni alikuta mengine: huyu ameanza kulewa, yule hajaamka kitandani siku tatu. Deni ndilo lililowafundisha kutembeleana. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, maana sisi tumefanya kinyume: tumelipanga toleo vizuri mno hata halina haja tena ya kupita mlangoni kwa mtu.

Furu nao wamepungua ziwani tangu sangara atawale, kwa hiyo hata ungerudi, mnada usingekuwa na harufu ile. Hata hivyo wapo wanaopita mlangoni: vijana wa kwaya wanaenda kwa wagonjwa kwa bodaboda, wanapiga picha, picha inafika kwenye kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa. Nawalaumu kidogo. Lakini wanakwenda.

Kikao kilichopita niliomba mnada urudi mara moja kwa mwaka, siku ya mavuno. Wamekubali, ila wanataka urushwe mubashara ili walioko Mwanza na Dar es Salaam nao wapandishe bei. Mtu wa Dar akimpata jogoo, atamrudisha kwa nani, naye hamjui mjane hata mmoja wa hapa? Mhasibu anasema kamati itamtajia jina. Akina mama wanasema yeyote anayetaka kutaja jina apande basi, aje. Bado tunabishana.