Mkalimani wa Fimbo Kongwe

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hutajwa mtu anapoacha jembe kuukuu akakimbilia la dukani, lakini ni nadra kutajwa panapohusika tarakilishi, ambako kila kipya hupokelewa kwa vigelegele na cha jana hutupwa jaani kabla hakijachoka. Mwalimu mmoja mstaafu wa Jiografia mjini Nakuru alikataa kukitupa cha jana. Chombo chenyewe kilikuwa fimbo ya michezo, ile ambayo vijana huiita joistiki: kipini cheusi cha kushikwa kwa kiganja kizima, vitufe viwili na waya mnene. Alikinunua mwishoni mwa miaka ya 1990 ili arushe ndege katika mchezo wa Flight Simulator 98 kila amalizapo kusahihisha madaftari.

Wanawe walipomletea kipakatalishi kipya, walimwahidi na fimbo mpya pia. Akakataa. Wapo waliodhani ni ukaidi wa uzee, kumbe mzee alikuwa na hoja. Baridi yabisi ilikuwa imemkaza vidole hata puku ikamshinda, kwani puku hudai kidole kimoja kibonyeze huku vingine vimetulia. Fimbo ile, kwa upande wake, ilikuwa imelegea springi kwa matumizi ya miaka mingi, ikawa inautii mkono dhaifu. Mpya aliyoijaribu dukani ilikuwa ngumu kama mtoto asiyesikia la mkuu.

Tatizo lilikuwa mlango wa kuingilia. Plagi ya fimbo ilikuwa na pini 15, nane juu na saba chini, ilhali kipakatalishi kilikuwa na matundu ya USB tu. Fundi mmoja wa mtaani aliitazama, akacheka, akatoa hukumu kwamba hiyo ni takataka. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Fimbo haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa ikizungumza lugha ambayo tarakilishi za leo hazikufunzwa.

Lugha hiyo ilizaliwa pamoja na tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981. Chini ya kipini mna vidude viwili mfano wa kile cha kupandisha na kushusha sauti ya redio, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Fimbo ikiinamishwa, ukinzani wa umeme hubadilika baina ya sufuri na takriban omu 100,000. Tarakilishi haikuupima ukinzani huo moja kwa moja. Iliacha umeme ujaze kapasita ndogo, kisha ikahesabu muda uliopita: mikrosekunde 24 hivi fimbo ikiwa upande mmoja, zaidi kidogo ya 1,100 ikiwa upande wa pili. Wakati wote huo mashine ilikaa ikihesabu tu, mithili ya mtu anayesubiri mtungi ujae kisimani. Mgala muue na haki umpe: waliouondoa mfumo huu walikuwa na sababu. USB ilipoingia mwaka 1996 kazi ya kuhesabu ilihamia ndani ya fimbo yenyewe, na Windows Vista ya mwaka 2007 ikaacha kuutambua mlango wa zamani.

Kwa hiyo kuunganisha waya na waya kusingefaa kitu. Alihitajika mkalimani. Mjukuu wa mwalimu, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, alimpata katika kibao kidogo cha Arduino Leonardo, ambacho huweza kujitambulisha kwa tarakilishi kuwa ni fimbo ya USB. Alilehemu nyaya, akaweka rezista ya omu 100,000 kwa kila mwelekeo ili ukinzani ugeuke kuwa volti, kisha akaandika programu fupi ya kuzisoma volti hizo kama namba kati ya 0 na 1023. Tarakilishi ikaitambua fimbo papo hapo. Mzee akaketi, akafungua FlightGear, programu ya bure ya kurushia ndege, akaondoka uwanja wa Wilson.

"Babu, inakwenda sawa?"

"Inaniegemea kulia, mjukuu wangu. Kama punda aliyetwikwa mzigo upande mmoja."

Binti alitazama namba zake asione kosa. Kushoto kabisa zilisoma 1023, kulia kabisa 512, na programu ikachukulia kwamba katikati ni 767. Ila volti hazipungui kwa ulinganifu jinsi ukinzani unavyoongezeka: fimbo ikisimama wima, namba halisi ni 682. Mkono wa mzee, uliokuwa umeonewa huruma na kila mtu, ndio uliogundua hesabu isiyonyooka. Ikabidi programu irudi kwanza kwenye ukinzani wenyewe, kwa kutoa namba iliyosomwa kutoka 1023, kugawanya kwa namba hiyohiyo na kuzidisha kwa 100,000. Hapo katikati ikawa katikati. Namba zilizokuwa zikirukaruka hata fimbo ikitulia zilitulizwa kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia viungio vya umeme, baada ya kipini kuzungushwa mara nyingi ili vumbi la miaka litoke.

Kazi ingeweza kuishia hapo, lakini kibao kile kinaweza pia kujitambulisha kama puku. Kwa mistari michache zaidi ya programu, fimbo ikaanza kuendesha kishale kwenye kiwambo. Mwalimu sasa husoma magazeti ya asubuhi bila kumwita mtu amfungulie kurasa, na barua pepe za wanafunzi wake wa zamani huzijibu mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Kitufe cha pili bado hukwama siku za baridi. Dawa yake ni kukigonga kidogo kwa kidole gumba, na hilo hakuna aliyeliandikia programu.