Bustani ya maji Bwiru, na ua nisilolitaka

Niko Mwanza, mji wa mawe. Leo hakuna siasa wala mpira, naandika maua. Najua kuna watakaoguna kwamba mwandishi wa habari mzima ameishiwa na mambo, lakini nisomeni kwanza mpaka chini.

Ninapoishi ni Bwiru, huku Ilemela, nyumba ya kupanga iliyokaa juu ya mwamba. Anayetaka bustani ya majani ya kijani kama ya kwenye kalenda hapa atalia. Udongo ni kiduchu kati ya jiwe na jiwe, na huo mdogo uliopo ni mchanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, maji yanapita kama kwenye chujio. Juu ya mawe kuna pimbi, na pimbi hana adabu, anakula chipukizi ulilolimwagilia wiki tatu. Kwangu walichosamehe mpaka sasa ni mshubiri tu. Ndiyo maana nikaamua nisipigane na jiwe. Kati ya miamba miwili kulikuwa na shimo, nikamwomba mama mwenye nyumba ruhusa, fundi akasakafia kwa saruji, nikapata kibwawa cha mita mbili kwa moja na nusu, kina cha sentimita 60. Bustani ya maji.

Ua nililolichagua ni yungiyungi la buluu, mwenyeji wa maji ya kwetu. Linafunguka asubuhi na kujifunga mchana, kwa hiyo kama unaamka saa nne hutalifaidi, pole. Linataka jua la kutosha, saa tano au sita kwa siku, na maji yaliyotulia. Udongo wake sio ule mwepesi wa kwenye vyungu, kwa sababu huo unaelea. Linataka tope zito. Nilichukua udongo mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania gumboti wakati wa masika, nikaujaza kwenye beseni, nikapanda tunguu, nikafunika juu kwa kokoto ili tope lisitimke. Beseni usilizamishe moja kwa moja. Liweke kwanza juu ya matofali, majani yakifika juu ya maji unaondoa tofali moja, hivyo hivyo mpaka chini. Samadi sahau, maji yatakuwa kijani kama mlenda. Na mbu? Swali zuri sana kwa mtu anayeishi kando ya ziwa kwenye malaria. Weka vifaranga vya sato, viluwiluwi vya mbu ni chakula chao. Wakikua uwatoe (wala usiniulize wanakwenda wapi), maana wakubwa wanaanza kula na majani.

Sasa tuje kwenye lile lingine.

Nikiwa natafuta tunguu, nilipita kwa kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Akaniuliza, "Kaka, una bwawa? Ninalo la maji hapa, bei rahisi kuliko yote, na halifi." Akafunua ndoo. Ndani kuna ua la zambarau hafifu, petali la juu lina doa la njano kama jicho la tausi, vikonyo vimevimba kama maputo. Zuri, tusidanganyane.

Ni gugu maji.

Hilo "halifi" ndilo tatizo lenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kusini, bonde la Amazon, na lilisambazwa duniani na watu waliolipendea uzuri wake, kwa ajili ya mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na Mto Kagera ukawa mlango wake mmoja mkubwa. Miaka ya 1990 likafunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, vivuko vikakwama. Kwenye maji yenye rutuba linaweza kujiongeza mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Ilibidi waletwe fukusi kutoka huko huko kwao Amerika ya Kusini waje kulitafuna, na pamoja na fukusi, watu waling'oa kwa mikono. Lilipungua lakini halijaondoka. Kisumu wamejifunza kusuka vikapu na viti kwa vikonyo vyake vilivyokaushwa, nawapongeza, ila vikapu havijawahi kulimaliza.

Kinachonichekesha (kicheko cha uchungu) ni biashara yenyewe ya maua. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul, mtawala wa kikoloni kule Usambara, alikutana na kiua kidogo cha zambarau, kikapelekwa Ujerumani, leo kinakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani na kwa muda mrefu kiliitwa Saintpaulia kwa jina lake. Kwao kinabembelezwa, maji yakizidi kidogo kinaoza. Sisi likatufikia hili lisilokufa.

Sikununua. Lakini wiki mbili baadaye nikaliona kwa jirani yangu wa juu, mzee mstaafu aliyehamia Mwanza akitokea mikoa isiyo na ziwa. Ana bwawa zuri kuliko langu, na tayari nusu yake imefunikwa. Bwawa hilo mvua ikinyesha linafurika, maji yanashuka mferejini, mfereji unapita ukutani kwetu, unaingia ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inatuambia tukae mita 60 kutoka ukingoni, na sote tumekaa zaidi ya hapo. Mfereji ndio haujasoma sheria.

Nikapanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Nimelinunua kwa hela yangu, na mama ameshalipenda." Utasema nini hapo? Mtu mzima, nyumba yake, ua lake. Nikashuka bila jibu. Aliyekwenda baadaye ni mama mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa hapa. Hakubeba takwimu. Alimsimulia mke wa mzee jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiutazama mtumbwi wake umekwama kwenye kijani, siku baada ya siku, na watoto wanasubiri ugali. Jumamosi iliyofuata mzee akanipigia hodi mwenyewe, glovu mkononi.

Tuliyatoa yote, ndoo kumi na moja. Usiyatupe mferejini wala bondeni. Sisi tuliyatandaza juu ya mwamba, na jua la Agosti likafanya kazi yake, yalipokauka kabisa tukayachoma. Nilimpa mzee kipande cha tunguu la yungiyungi, mama yake ameshaanza kulizoea. Tope la bwawa tulilichimbia mbali na maji, kwa sababu mbegu zake zinaweza kulala humo miaka zaidi ya 15 zikisubiri.

Mvua za vuli zimeshaanza. Kila Jumamosi asubuhi nashuka na mfereji mpaka chini, nikiangalia kama kuna kitu cha kijani kinachoelea. Jana nimeokota kimoja, ukubwa wa kijiko cha chai.