Ulimi wa Ramani

Tutawasimulia habari ya ulimi wetu bila kuona haya, maana haya hiyo ndiyo iliyotunyima usingizi muda mrefu.

Asubuhi moja, nyumbani Fizi, tuliona katika kioo mabaka mekundu juu ya ulimi, yenye ukingo mweupe, mfano wa visiwa. Baada ya siku chache vilihama: vikatoweka upande wa kuume, vikazuka upande wa kushoto. Jirani akatunong'oneza kwamba huo ni mwanzo wa sumu. Tangu hapo tulinywea kikombe cha peke yetu, na tukicheka tulifunika kinywa kwa kiganja.

Mwishowe tulishuka Baraka, kando ya ziwa, tukamwonyesha muuguzi mmoja. Akauliza kama unauma. "Huwasha tukila pilipili au nanasi." Akatabasamu. "Huu ni ulimi wa ramani, baba. Watu wengi wenye afya wanao. Si sumu, wala hauambukizi." Akaongeza kuwa ulimi wenye mifereji nao si ugonjwa, na madoa meusi kwa watu weusi mara nyingi ni rangi ya asili tu. Bali ulimi mwekundu, laini, wenye kuuma, waweza kuonyesha upungufu wa damu. Na utando mweupe unaofutika huwa ni ukungu, ambao kwa mtu mzima yafaa kutafuta sababu yake, kama kisukari au virusi vya Ukimwi.

Kisha akauliza neno tusilolitazamia: "Nyumbani hakuna mwenye kidonda cha ulimi kisichopona?"

Tulinyamaza. Shangazi yetu, mvuta kiko, alikuwa na kidonda kigumu ubavuni mwa ulimi tangu kabla ya mvua. Hakikumwuma, basi hakuna aliyekijali. Sote tuliuhofia ulimi wetu!

"Majuma matatu yakipita, mleteni," akasema. "Saratani ya ulimi yaweza kuanza bila maumivu."

Jioni ile tulimsihi shangazi afungue kinywa. Akakataa: "Mgonjwa wa ulimi ni wewe, mwanangu." Ndipo tukautoa ulimi wetu nje mbele ya watoto wote, na visiwa vyake. Akacheka hata machozi, akafungua.

Kesho yake tulishuka naye Baraka. Daktari alikata kipande kidogo, kikapelekwa Bukavu kupimwa. Majibu tunayangoja, kiko kimetundikwa ukutani.