Kastellorizo, kisiwa kilichohamwa

Kastellorizo ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, kilometa za mraba 9 hivi, mbali kabisa na Athens. Ukisimama bandarini unaiona Uturuki ng'ambo ya maji, kilometa 2 tu. Mto hakuna. Tangu zamani watu wanakinga maji ya mvua. Hata hivyo, mwisho wa karne ya 19 kilikuwa na wakaaji karibu 10,000, maana riziki yao haikutoka shambani. Walikuwa na meli, na walipeleka mbao na makaa hadi Misri.

Halafu wakubwa wakaanza kupokezana kisiwa: Waturuki, Wafaransa, Waitalia. Kila mara watu walipungua. Wengi walikwenda Australia.

Mwaka wa 1943 Waingereza waliingia, na ndege za Wajerumani zikatupa mabomu. Raia waliobaki wakapakiwa melini hadi Kipro, kisha kambi ya Nuseirat huko Gaza. Ndiyo, Gaza ile ile inayotajwa redioni kila siku. Wakimbizi wa visiwa vingine, kama Chios na Samos, walifikishwa hata Kongo ya Wabelgiji. Mzungu mkimbizi kwenye udongo wa Kongo: habari hiyo shuleni haisikiki sana.

Nyuma yao, Julai 1944, moto ulishika akiba ya mafuta ya jeshi kisiwani na kuteketeza nyumba nyingi. Kambini waliendelea kungoja siku ya kurudi. Tarehe 29 Septemba 1945, meli Empire Patrol iliondoka Port Said ikiwabeba watu karibu 500. Siku hiyo hiyo ikawaka moto baharini. Watu 33 walikufa, watoto wakiwemo.

Waliopona walifika baadaye, wakakuta kuta zisizo na paa. Vita vilikuwa vimekwisha, hakuna aliyewafukuza, lakini familia nyingi zilifunga tena mizigo. Kwenye makaratasi ya misaada mkimbizi akishuka melini amesharudi. Mama mwenye watoto anauliza kwanza atalala wapi.

Kisiwa kilijiunga na Ugiriki mwaka wa 1948. Leo wakaaji hawafikii 600. Wazao wao walioko Perth na Sydney ni wengi kuliko hao. Wakati wa joto wajukuu wanakuja, wanatengeneza nyumba za mababu, wanazipaka rangi. Wachache wamebaki kabisa. Nyuma ya safu ya nyumba za bandarini, viwanja vingine hadi leo ni mawe tu.